Kutoka XP hadi Windows 7: kwa nini ilibidi kuanza upya

Tarehe 22 Oktoba 2009 Microsoft ilizindua Windows 7. Aliyekuwa na Vista aliweza kupanda moja kwa moja na programu zake zikabaki mahali pake. Aliyekuwa na XP, mfumo wa mwaka 2001, hakupewa njia hiyo. Ilibidi asakinishe Windows 7 kana kwamba kompyuta ni mpya, kisha arudishe programu moja moja. Kwa nini?

Turudi nyuma kidogo. Enzi za DOS, programu nyingi ziliishi ndani ya folda moja. Ukiinakili folda hiyo kwenye kompyuta nyingine, mara nyingi ilifanya kazi. Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilileta rejista, na Windows 95 ikaifanya kuwa daftari kuu la mfumo mzima. Tangu hapo programu ilianza kutawanya vitu vyake: faili nyingine Program Files, nyingine kwenye folda za mfumo wenyewe, na mipangilio ndani ya rejista. Ni kama mpangaji anayeweka vyombo vyake kwa majirani. Siku ya kuhama, lori likija mlangoni pake haliwezi kubeba kila kitu.

Deni hilo lililipwa mwaka 2009. Ukisakinisha Windows 7 bila kufomati diski, mfumo wa zamani ulisogezwa kwenye folda iitwayo Windows.old. Picha na barua zako zilikuwa salama humo. Programu nazo zilikuwemo, lakini ukizirudisha kwa kunakili tu, nyingi zilikataa kufunguka, kwa maana rejista mpya haikuzijua. Hata Windows Easy Transfer, chombo cha Microsoft wenyewe, kilihamisha faili na mipangilio, si programu.

Basi mali ikawa CD na namba ya leseni. Hapa kwetu Kenya kebo ya SEACOM ilianza kazi Julai 2009, miezi mitatu tu kabla ya Windows 7. Kabla yake tulitegemea satelaiti, ghali na polepole, kwa hivyo kupakua programu kubwa upya halikuwa jambo dogo. Mwenye duka aliyepoteza CD ya programu yake ya hesabu alibaki na faili za wateja asizoweza kuzifungua.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Ndiyo. Debian 2.1, iliyotoka Machi 1999, ilikuja na APT. Mfumo wenyewe huweka kumbukumbu ya kila kifurushi na faili zake, hivyo amri ya apt-get dist-upgrade husasisha mfumo na programu kwa pamoja. Upande wa Windows, winget 1.0 ilitoka Mei 2021 ikiwa na amri ya export, inayokuandikia orodha ya programu zako. Programu zisizomo kwenye hazina zake, hizo utazitafuta mwenyewe.

Windows 10 nayo iliisha muda wake wa kawaida wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wanahama tena. Ndugu msomaji, kuhifadhi nakala ya faili hakutoshi. Andika orodha ya programu, weka namba za leseni na visakinishi pamoja nayo, na vyote vikae nje ya hiyo kompyuta. Faili isiyo na programu ya kuifungua ni kufuli lisilo na ufunguo.