Gome la Mwati na Twahara ya Ngozi

Mtume (s.a.w.) alipita penye kondoo aliyekufa, akauliza kwa nini ngozi yake haikudibaghiwa wakanufaika nayo. Wakasema ni mzoga. Akawafahamisha kuwa kilichoharimishwa ni kumla. Wanazuoni wa Kishafii wakafafanua: ngozi ya mzoga, isipokuwa ya mbwa na nguruwe, hutwaharika kwa kudibaghiwa na kitu chenye ukakasi, kama tunda la mgunga.

Mwaka 1949 Waingereza walianzisha kampuni ya miwati Njombe, kusini ya Makambako. Mti huo asili yake ni Australia, nao ni wa ukoo mmoja na mgunga. Gome lake lina tanini. Mwanafunzi akilichemsha gome hilo, kisha akayatia maji yake katika jelatini, huona mashapo: tanini imeshikana na protini. Ndivyo inavyoshikana na ngozi, vijidudu viozeshavyo visiiweze. Ukakasi huo twauonja katika chai kali na ndizi mbichi.

Basi ndugu Waislamu, tusimtenganishie mtoto chuo na maabara. Na Idi ya Kuchinja ifikapo, kuziacha ngozi zioze jaani ni israfu, na sharia imekwisha tuonyesha njia.