Kwa nini tarakilishi hudai faili ya DLL haipo

Mwenye saiba katika soko la Pap Onditi, Nyakach, Kaunti ya Kisumu, anapowasha tarakilishi asubuhi ya Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za kodi ya mapato kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA), huenda programu ya Excel ikakataa kufunguka. Badala yake hujitokeza kisanduku chenye maandishi ya Kiingereza kinachodai kwamba faili fulani, tuseme MSVCP140.dll, haikupatikana. Foleni inarefuka mlangoni, naye hushawishika kuisaka faili hiyo kwenye intaneti. Hapo ndipo hasara kubwa huanzia.

DLL ni maktaba ya pamoja, yaani faili yenye maagizo yanayotumiwa na programu nyingi. Mfano wake ni kinu cha kusaga mahindi sokoni. Si kila boma linalonunua kinu chake. Lakini cha soko kikiharibika, maboma yote hukosa unga ingawa mahindi yamo ghalani. Vivyo hivyo, faili moja ikitoweka, programu kadhaa hukwama ilhali zenyewe hazina kasoro.

Chanzo huwa nini? Umeme ukikatika wakati tarakilishi inaandika kwenye diski, faili hubaki nusu. Virusi huziharibu, na programu ya kukinga virusi nayo huweza kuifuta faili iliyoambukizwa. Programu za wizi zinazosambazwa kwa flashi mara nyingi huja zikiwa na upungufu. Katika miaka ya 1990, programu mpya ilikuwa na uwezo wa kuweka toleo kuukuu la maktaba juu ya lile jipya na kuvuruga nyingine zote. Microsoft ilianza kuzilinda faili za mfumo katika Windows 2000, na Windows XP ya mwaka wa 2001 ikaruhusu matoleo tofauti kukaa bega kwa bega.

Tiba hutegemea mwenye faili. Ikiwa ni ya programu moja, programu hiyo iondolewe na kusakinishwa upya. MSVCP140.dll na VCRUNTIME140.dll ni za furushi la Visual C++, ambalo Microsoft hulitoa bila malipo katika tovuti yake. Ikiwa ni ya Windows yenyewe, amri sfc /scannow, ikitolewa kwa mamlaka ya msimamizi wa tarakilishi, hukagua faili za mfumo na kurejesha zilizoharibika.

Tovuti zinazogawa DLL mojamoja ziepukwe. Faili ya aina hiyo hubeba maagizo ambayo tarakilishi huyatekeleza. Ikiwa na virusi, inaweza kunasa nywila ya kila mteja anayeingia iTax au eCitizen kupitia tarakilishi hiyo. Hata ikiwa safi, huenda isioane na mfumo. Katika Windows ya biti 64, faili za biti 64 hukaa katika System32, na za biti 32 katika SysWOW64, mpangilio ambao umewapotosha hata mafundi.

Iwapo faili zilizorekebishwa zinaharibika tena baada ya siku chache, yamkini diski yenyewe inakufa. Nyaraka zote zinakiliwe kwingine kabla ya jaribio jingine lolote.