Daftari la Waliokamatwa: Bariadi na Kumbukumbu Zake

Mnamo Januari 1977, Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Visiwani habari hii inajulikana vyema, na husimuliwa hadi leo kuwa ni mfano wa uungwana: kiongozi kubeba dhamana ya kosa ambalo mkono wake haukulitenda. Lisilosimuliwa sana ni kosa lenyewe. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliendesha msako mkubwa wa kuwatafuta waliotuhumiwa kwa mauaji ya vikongwe na kwa wizi wa ng'ombe. Watu walikamatwa kwa mamia. Wengi waliteswa ili wakiri, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowakamata. Pamoja na Mzee Mwinyi walijiuzulu Waziri Peter Siyovelwa, aliyekuwa Ofisi ya Rais, na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Baadaye maofisa kadhaa wa polisi na usalama nao walifikishwa mbele ya sheria.

Majina ya mawaziri yamo katika kila kitabu cha historia ya siasa za Tanzania. Majina ya waliokamatwa yapo wapi? Suali hili ni la kweli kwa jamaa wa watu wale, na linawahusu pia wote wanaotaka kujua kama ndugu, mpangaji, mwajiriwa au mchumba amewahi kuandikwa katika daftari la polisi. Anayelitafuta jibu katika nchi ya Wasukuma hukuta daftari nyingi, si moja. Kila moja iliandikwa na mwenye kalamu yake, kwa haja yake, na hakuna hata moja inayotosha peke yake.

Kwanza ajue nchi iliitwaje wakati wa tukio. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012, na mji wa Bariadi ukawa makao yake makuu. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Katika enzi ya Waingereza, himaya za Ntuzu, Itilima, Kanadi na Dutwa zilihesabiwa katika Wilaya ya Maswa. Kwa hiyo anayetafuta habari za babu aliyefungwa miaka ya 1940 hatazipata chini ya jina la Simiyu. Atazitafuta chini ya Maswa, katika Nyaraka za Taifa zilizoko Dar es Salaam, na atahitaji kujua mtemi wa babu huyo alikuwa nani kabla ya kujua hakimu wake alikuwa nani.

Sababu ni kwamba tangu Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia machifu, kwa sheria ya mwaka 1926, mtemi ndiye aliyehukumu makosa madogo ya raia wake. Shauri lilisikilizwa barazani, mbele ya banamhala, yaani wazee. Mshitakiwa alijieleza kwa Kisukuma. Karani wa baraza aliandika, aghalabu kwa Kiswahili. Bwana Shauri akapitia daftari na kuandika maoni yake kwa Kiingereza. Maneno ya mtu mmoja yalivuka lugha tatu kabla ya kuwa kumbukumbu. Mpenda lugha atatambua hatari iliyopo hapo. Mtu aliyechukua ng'ombe wa shemeji yake kwa sababu mahari ilikuwa haijarudishwa alikuwa, kwa maelezo yake mwenyewe, anadai haki. Neno la haraka lililomjia karani lilikuwa “wizi”. Hans Cory, mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, alikusanya mila za Kisukuma katika kitabu alichokitoa mwaka 1953, na moja ya faida za kazi yake ni kumwonesha msomaji jinsi madai ya mifugo, ndoa na urithi yalivyofungamana. Anayesoma daftari la baraza bila ya kujua mafungamano hayo atadhani kijiji kizima kilikuwa cha wezi.

Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na mahakama za mwanzo zikachukua nafasi ya mabaraza. Kuanzia hapo njia ya kumbukumbu ni ile inayojulikana na watu wote hata leo. Kituoni, taarifa huandikwa katika kitabu, na mlalamikaji hupewa namba ambayo mitaani huitwa RB. Aliyekamatwa huandikwa jina, kosa analotuhumiwa na saa aliyoingizwa mahabusu. Upelelezi hufunguliwa jalada lake. Ushahidi ukionekana upo, huandikwa hati ya mashitaka, na shauri hupata namba na mwaka katika rejista ya mahakama. Lisipofika mahakamani, hubaki kituoni.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kitabu cha kituo si cha umma. Raia hawezi kwenda Bariadi akaomba kufunuliwa kurasa ili aangalie nani kalala mahabusu. Mahakama, kwa upande wake, husikiliza kesi hadharani, na hukumu yake ni ya wote. Mwenye jina la mshitakiwa, mwaka na wilaya anaweza kwenda masjala kuulizia shauri na kuomba nakala. Hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani sasa husomwa bure katika mtandao wa TanzLII. Kwa mtu kujua habari zake mwenyewe, ipo njia ya cheti cha polisi: huchukuliwa alama za vidole, zikalinganishwa na zilizohifadhiwa makao makuu, na jibu likaandikwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka habari za makosa ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti, ambazo haifai kuzichimba wala kuzisambaza ovyo.

Lakini katika Bariadi ya miaka ya 1980 watu wengi waliokamatwa hawakupita kituoni hata kidogo. Mwanzoni mwa muongo huo, sungusungu walizuka upande wa Kahama na kuenea upesi katika Shinyanga, Tabora na Mwanza. Wanakijiji walikuwa wamechoka kuibiwa mifugo, na walikuwa wamechoka vilevile kumpeleka mwizi kituoni asubuhi na kumkuta njiani jioni. Mwano ulipopigwa, kila mwanamume alitoka na upinde. Wenyewe walikuwa na mtemi wao, kamanda wao na katibu wao. Aliyepatikana na hatia alitozwa faini au alitengwa, asipewe moto wala maji, wala asisaidiwe kuzika. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na sheria ya mwaka 1989 ikawapa nafasi rasmi katika ulinzi wa jadi. Wizi ulipungua, hilo wenyeji wanalikiri. Lakini miongoni mwa walioshikwa walikuwamo pia vikongwe waliosingiziwa uchawi, na mtu aliyehukumiwa chini ya mti hakuwa na rufaa, wala nakala ya hukumu, wala namba ya shauri. Katika daftari za serikali mtu huyo ni msafi. Kijijini kwake, jina lake lilikwisha kuhukumiwa.

Daftari nyingine imezaliwa na mpaka. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na Pori la Akiba la Maswa mwaka 1962. Malisho na mawindo ya watu wa Bariadi, Itilima na Meatu yakawa ng'ambo ya mstari. Anayepitia hukumu za jinai za wilaya hizi katika miongo ya karibuni hukutana na mashitaka matatu yanayofuatana kama beti za utenzi mmoja: kuingia hifadhini bila ya kibali, kupatikana na silaha humo, kupatikana na nyara za serikali. Nyara yenyewe mara nyingi ni nyama ya nyumbu au pundamilia, na silaha ni panga na nyaya za kutegea. Adhabu ya nyara inaweza kuwa kifungo cha miaka 20.

Anayeishia kwenye hukumu ya mahakama ya wilaya ataandika kwamba fulani ni jangili. Akiendelea hadi Mahakama ya Rufani huenda akakuta jambo jingine. Katika rufaa za aina hii mahakama hiyo imepata kufuta hatia kwa sababu nyama iliteketezwa bila ya mshitakiwa kuwapo na kusikilizwa. Imewahi hata kueleza kwamba kifungu kilichotumika kumshitakia mtu kwa kuingia hifadhi ya taifa hakikuwa kimeunda kosa hilo. Mtu amefungwa kwa kosa ambalo kifungu chake hakilijui! Hukumu ya kwanza na ya mwisho zimo katika rejista mbili tofauti, pengine miaka mitano baina yao, na mwenye haraka husoma ya kwanza tu.

“Mali bila daftari hupotea bila habari,” walisema wafanyabiashara wa pwani. Walikuwa na haki. Ila deni likilipwa, mwenye duka huchukua kalamu ileile akalifuta jina. Daftari la waliokamatwa halina desturi hiyo. Mlango wa kuingilia umeandikwa saa na dakika. Mlango wa kutokea, kama aliyeshikwa aliachiwa kwa kukosekana ushahidi, huenda una mstari mmoja, au hauna kitu. Katiba, katika ibara ya 13, inakataza kumtendea mshitakiwa kama mwenye hatia kabla ya kuthibitika. Amri hiyo imeelekezwa kwa dola, lakini inamfaa pia kila anayefungua majalada. Kukamatwa ni neno la aliyekamata, na mashitaka ni neno la mwendesha mashitaka. Hukumu ni neno la hakimu, nalo lina mkubwa wake.

Mzee Mwinyi alirudi. Alipelekwa ubalozini Misri, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na wa Jamhuri ya Muungano mwaka 1985, na alipofariki Februari 2024 kujiuzulu kwake kulitajwa kuwa ni sifa. Aliyetolewa mahabusu mwaka 1976 bila ya kushitakiwa hakupata siku ya namna hiyo, kwa sababu hapakuwa na siku ya hukumu iliyomtamkia kwamba hana hatia. Alirudi Ntuzu na jina lilelile aliloondoka nalo, na majirani wakaendelea kumwita “yule aliyekamatwa”. Mjukuu wake akienda leo kutafuta jalada, asitafute tu kama babu aliandikwa. Atafute pia nani aliandika, na kama yupo aliyeumaliza mstari.