Bolti za konrodi: Nyumbani au karakana?

BAADHI ya wenye magari jijini Arusha hutamani kubadili bolti za konrodi nyumbani ili kupunguza gharama.

Bolti hizo huvutwa kila pistoni inapofika juu na kugeuka. Kasi ya injini ikizidi mara 2, mvuto huzidi mara 4, hata gari linaposhuka miteremko ya Mlima Meru kwa gia nzito. Ikikatika moja, konrodi huweza kutoboa bloku.

Bolti za kuzungushwa hubadilishwa nyumbani, mradi ipatikane spana ya kupimia mkazo. Zilizoshindiliwa ndani ya konrodi zipelekwe karakana ya kukereza vyuma, kwani bolti mpya huweza kupotosha umviringo wa tundu la beringi, ambalo hupimwa na kusawazishwa kwa mashine.