Nafsi Ikitimia

Mpe mwanafunzi wa tafsiri neno individuesheni la Carl Gustav Jung, na huenda akakujibu upesi: ubinafsishaji. Kwa kanuni za kuunda maneno hajakosea. Tatizo ni kwamba neno hilo lina mwenyewe. Tanzania ililitumia miaka ya 1990 kwa kazi ya kuuza mashirika ya umma, na aliyeona Benki ya Taifa ya Biashara ikipata mwenye hisa kubwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2000 hatalisoma akawaza habari za roho. Ndugu yake wa karibu, ubinafsi, ni lawama kabisa. Kwa hiyo istilahi moja muhimu ya saikolojia imebaki mlangoni.

Asili yake ni Kilatini, kwenye neno lenye maana ya kitu kisichogawanyika. Wanafalsafa wa Ulaya ya Zama za Kati walilitumia kwa swali kavu: ni nini kinachokifanya kitu hiki kiwe hiki na si kile? Farasi wawili wana ufarasi uleule, mbona ni wawili? Thomas Aquinas alijibu kwa namna yake, Duns Scotus akampinga, na karne ya 19 Schopenhauer akasema ni mahali na wakati ndivyo vinavyotenganisha. Jung, daktari wa akili wa Uswisi aliyezaliwa 1875, alilitoa neno hilo kwenye farasi akalitia ndani ya mtu. Alilifafanua katika kitabu chake cha 1921 kuhusu aina za haiba, kisha akalirudia maisha yake yote.

Alichosema ni hiki. Mtu hukua kwa kujichagulia sura: mwalimu mpole, mama mvumilivu, mfanyabiashara asiyetetereka. Visivyolingana na sura hiyo, yaani hasira, wivu, woga, hata vipaji, husukumwa pembeni. Jung alikiita kifurushi hicho kivuli. Hakifi. Hujitokeza ndotoni, katika ulimi unaoteleza, na hasa katika chuki tunayomwonea jirani ambaye hatujui ametukosea nini. Individuesheni ni kazi ndefu ya kuviita vilivyofukuzwa, kuvisikiliza na kuvipa nafasi bila kuviachia usukani. Jung aliitenga kazi hii na umimi: anayekijua kivuli chake huacha kuwabebesha wengine.

Visasili vinaingia hapa, na kimoja alichokichagua kitawagusa wengi wa Pwani. Katika insha yake juu ya kuzaliwa upya, Jung anachambua Sura ya 18 ya Qurani, Al-Kahf, ile ambayo Waislamu wengi huisoma Ijumaa. Nabii Musa anasafiri na kijana wake hadi makutano ya bahari mbili. Samaki waliyembeba anasahauliwa, anaponyoka, anashika njia yake baharini. Nao wanaporudi pale walipompotezea ndipo wanapomkuta mja wa Mungu ambaye mapokeo yanamwita Khidhri. Mja huyo anatoboa chombo cha maskini, anamuua mvulana mmoja, anasimamisha ukuta katika mji wa watu waliowanyima chakula, na kila mara Musa anashindwa kunyamaza. Kwa Jung, Musa ni ile “mimi” inayodhani imeshajua, na Khidhri ni nafsi pana zaidi ambayo hekima yake huonekana kwanza kama hasara. Mcha Mungu ana haki ya kuguna hapa, kwani Qurani si kitabu cha saikolojia. Lakini Jung hakukitoa kisa hiki vitabuni tu. Alisafiri Kenya mwaka 1925, na kiongozi wa msafara wake alikuwa Msomali aliyelelewa katika usufi. Huyo alimwambia kwamba Khidhri anaweza kukutana nawe njiani kama mtu, au kama nuru nyeupe, au hata kama jani la nyasi. Yeye mwenyewe alikuwa amekosa kazi, akaota nuru hiyo mlangoni, akaitolea salamu. Siku chache baadaye akapata kazi ya kuongoza misafara.

Sasa tuiteje? “Kujitambua” limechoshwa na semina za hamasa, na hata lingekuwa zima, linataja hatua ya kwanza tu. “Ukamilifu” linavutia, ila linapotosha: mkamilifu ni asiye na dosari, na Jung alisisitiza kwamba shabaha ni kuwa mzima, si kuwa safi. Mimi nashika kitenzi timia. Mwenyekiti wa kikao akiuliza, “Tumetimia?”, haulizi kama wajumbe ni wema. Anauliza kama wote wamefika, pamoja na yule mbishi anayekaa karibu na mlango. Kutimia kwa nafsi ni hivyo: kivuli nacho kimepata kiti.

Kuna atakayesema maneno matatu ni mengi kwa istilahi moja. Basi aseme “utimio” na alifafanue mara moja mwanzoni mwa sura; Kiswahili kimewahi kumeza mageni kuliko hayo. Wahadhiri wa saikolojia na wafasiri wajaribu neno hili darasani na kwenye miswada yao, na wenye neno bora walilete. Ubinafsishaji tuwaachie wauza mashirika.