Toli si ushuru

Mfasiri mwenye haraka akikutana na istilahi toll-like receptor katika kitabu cha tiba, neno la kwanza litamponza. Kwa Kiingereza toll ni ushuru wa barabarani au wa darajani, naye ataandika “vipokezi vya ushuru”, msomaji abaki akijiuliza nani anamtoza nani ndani ya mwili. Jina hili ni la Kijerumani. Wajerumani husema toll kwa kushangilia, kama sisi tunavyosema “ajabu!”, na husimuliwa kwamba ndivyo Christiane Nüsslein-Volhard alivyomaka huko Tübingen alipotazama kwa hadubini viinitete vya inzi wa matunda vilivyoharibika kwa namna asiyoitarajia. Jeni iliyohusika ikaitwa Toll. Kazi yake ni kumsaidia inzi, angali kiinitete, kupambanua upande wa mgongo na upande wa tumbo. Kwa utafiti wao juu ya jeni za ukuaji wa viinitete, Nüsslein-Volhard, Eric Wieschaus na Edward Lewis walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1995. Maradhi hayakuwamo katika hesabu.

Yaliingia mwaka 1996. Huko Strasbourg, Bruno Lemaitre na wenzake katika maabara ya Jules Hoffmann waliwaambukiza kuvu inzi ambao Toll yao ilikuwa mbovu. Inzi wazima walihimili. Hawa walikufa, na picha ya mmoja wao, mwili umeota nyuzi za kuvu kama mkate uliosahauliwa, inajulikana na karibu kila anayesomea kinga ya mwili. Mwaka uliofuata Ruslan Medzhitov na Charles Janeway wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba binadamu naye ana protini inayofanana na Toll, na kwamba protini hiyo ikiamshwa huwasha jeni za kinga. Hapo ndipo lilipotoka lile neno la katikati, “like”: yetu si Toll ya inzi, bali ni jamaa yake.

Janeway alikuwa ameshabashiri mwaka 1989 kwamba lazima kuwe na vipokezi vya namna hii. Kinga inayotengeneza kingamwili mahususi huchukua siku kadhaa kujipanga, ilhali bakteria huongezeka kwa saa. Kwa hiyo, alisema, lazima seli ziwe zimezaliwa na uwezo wa kutambua maumbo ambayo vijidudu vinayo na sisi hatuna, tena maumbo ambayo kijidudu hakiwezi kuyaacha bila kujiangamiza.

Binadamu ana vipokezi 10 vya ukoo huu, navyo hutajwa kwa kifupisho cha jina lao la Kiingereza, TLR, na namba. TLR5 hutambua protini ya mkia ambao bakteria huutumia kuogelea. TLR4 hutambua lipopolisakaridi, kemikali ya ngozi ya nje ya bakteria kama Salmonella. Hivi viwili hukaa juu ya utando wa seli. TLR3, 7, 8 na 9 hukaa ndani, katika vifuko ambamo seli humeng’enya ilichokimeza, na huko husaka RNA na DNA za virusi na bakteria. Kukaa ndani kuna sababu: sisi wenyewe tuna DNA na RNA, na kipokezi cha aina hii kikikutana nazo ovyo, mwili hujishambulia. Katika ugonjwa wa lupasi, TLR7 ni miongoni mwa watuhumiwa wakuu.

Kisa cha TLR4 kinastahili kusimuliwa taratibu. Kwa miaka mingi maabara zilikuwa na aina ya panya walioshangaza: ukiwadunga lipopolisakaridi kwa kiasi cha kumuua panya wa kawaida, hawapati hata homa. Mtu angedhani wamebahatika. Lakini panya haohao wakiambukizwa Salmonella hai hufa upesi kuliko wenzao. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler huko Dallas lilipata jibu: jeni yao ya TLR4 ina kasoro. Panya hawa hawakuisikia sumu, kwa hiyo hawakujua kwamba wamevamiwa. Beutler na Hoffmann waligawana nusu ya Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2011. Nusu nyingine ilikwenda kwa Ralph Steinman.

Kinachofuata kipokezi kikishaguswa ndicho mgonjwa anachokihisi. Ishara hupita hadi kwenye kiini cha seli, sitokini, yaani protini za kupashana habari kati ya seli, kama TNF na IL-6 humwagwa, mishipa midogo ya damu hulegea na kuvuja, seli nyeupe hukimbilia mahali palipovamiwa, na ubongo hupandisha joto la mwili. Kwa kidonda cha kidoleni huo ni uponyaji. Yakitokea mwili mzima kwa pamoja, shinikizo la damu huporomoka na mgonjwa anaweza kufa. Wengi walitumaini kwamba kuiziba TLR4 kungewaokoa wagonjwa hao. Dawa ya eritorani ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Matokeo ya jaribio lake kubwa, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kuwa haikupunguza vifo.

Sasa maneno. Hali hiyo ya mishipa kuvuja na seli nyeupe kukimbilia mahali palipovamiwa wengi huiita “uvimbe”, neno ambalo hospitalini hutumika pia kwa donge la saratani, na ambalo halifai kabisa pale ambapo hakuna kilichovimba. Naona “mchochota” ni bora, kwa kuwa linabeba maumivu na mwasho wa kitenzi chochota bila kudai umbo. Kuhusu “kipokezi”, wapo watakaopendelea “kitambuzi”, na kwa maana wana hoja. Lakini tumeshazoea kipokezi cha insulini na vipokezi vya homoni. Kuutenga ukoo mmoja kwa jina la peke yake ni kumsumbua mwanafunzi bure. Toll ni jina, halitafsiriwi. Lipewe irabu yake tu.

Istilahi hii si ya maabara za mbali. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa Kilifi, Bagamoyo na Korogwe na kuanza kutolewa Homa Bay Septemba 2019, ina kiambato kilichotokana na lipopolisakaridi ya Salmonella iliyopunguzwa ukali. Kazi yake ni kuiamsha TLR4 ili kinga iizingatie chanjo. Wazazi huuliza kuna nini ndani ya sindano, na mhudumu wa afya anapaswa kuwa na neno la kuwajibu. Basi wahariri wa vitabu vya biolojia na vipeperushi vya afya, andikeni “kipokezi mithili ya Toli”, wingi “vipokezi mithili ya Toli”, na kifupisho TLR mkiache kilivyo.