Kabla ya PP1 kulikuwa na siwindhe

Mtoto wa dada yangu ana miaka minne. Saa kumi na mbili unusu asubuhi yuko hapa steji ya Kondele na begi linalomshinda ukubwa, anangoja tuktuk ya shule. Jioni anarudi na homwaki kurasa mbili. Wasee, miaka minne! Ndio nikaanza kujiuliza: nani aliamua nasari ni ya kazi hii?

Tuanze hapa kwetu. Zamani Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya mama mzee aliyeitwa pim. Watoto walilala huko, na usiku ndio ulikuwa darasa. Sigana, yaani hadithi. Ngeche, yaani vitendawili. Halafu ukoo: nani ni ndugu yako, nani huwezi kumuoa, mgeni anasalimiwaje. Lengo lilikuwa mtoto ajue kuishi na watu.

Nasari zilikuja wakati wa ukoloni, na hazikuja hasa kwa sababu ya kusoma. Kwenye mashamba makubwa, na kwenye vijiji vya Hali ya Hatari kule Kati miaka ya 1950, mama alikuwa kazini. Mtoto alihitaji pa kuwekwa na kikombe cha uji. Baada ya uhuru 1963 ikawa harambee: wazazi wanajenga wenyewe, wanachangia mshahara wa mwalimu, ambaye mara nyingi hakuwa amefunzwa ualimu popote.

Mwaka 1971 Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa pesa za Bernard van Leer Foundation ya Uholanzi, ilianzisha mradi wa nasari uliodumu hadi 1982. Hapo imani ikaandikwa: mtoto anajifunza akicheza, vifaa vitoke hapo hapo mtaani, lugha iwe ile anaongea nyumbani. 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa, NACECE. Mimi nikisoma hayo naona pim aliyepewa cheti tu.

Kilichoharibu mambo ni intavyuu ya darasa la kwanza. Mimi niliifanya nikiwa na miaka sita. Nilijua hadithi zote za dani, lakini aya ya Kiingereza ikanishinda, nikarudishwa nasari mwaka mzima. (Ndiyo, na chuo pia niliacha. Hiyo ni stori ingine, msianze.)

2003 shule ya msingi ikawa bila malipo, nasari ikaachwa nje. Wazazi wengi wasio na pesa wakaona heri wangoje darasa la kwanza la bure. Katiba ya 2010 ikapeleka nasari kwa kaunti, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza shule za umma kumpa mtoto mtihani ndio aingie. Mtaala mpya nao, uliofika shuleni kote 2019, unasema PP1 ni mchezo, nyimbo na mazingira.

Sasa homwaki inatoka wapi? Nilimuuliza mwalimu mmoja wa huku mtaani. Akacheka. "Nikiwaacha wacheze, muhula ujao wazazi wamewahamisha. Wanataka kuona daftari limejaa."

Dada yangu ni mmoja wao, na simlaumu, analipa karo na anataka kuona kitu. Juzi mtoto alilala mezani penseli ikiwa mkononi. Nikamalizia mimi. Tulipata tisa kwa kumi.